Mbuzi Hasi

Mwalimu Candiru kaileta kompyuta ya shule ndani ya kitenge,
kama abebaye mgonjwa asiyetaka aonekane barabarani.
"Mchezo umekufa," kasema. "Na darasa la tatu
wamegoma kurudia kuhesabu kwa vijiti."

Hapa Oli umeme hurudi saa tano usiku,
ukirudi.
Nikachemsha chai. Nikaisahau.

Mchezo huu naujua ulivyo: ni ukurasa wa wavuti
uliovikwa koti la programu, ukaambiwa
simama wima, wewe si ukurasa tena.
Hauna pa kuandika anwani, hauna mshale wa kurudi nyuma,
lakini uvue koti utaukuta ni ule ule,
kivinjari kitupu kinachotetemeka, kinachokula kumbukumbu
kama arusi inavyokula mchele.

Nikaufungua. Dirisha jeusi.
Nikabonyeza kitufe cha kuchungulia jikoni,
mistari myekundu ikaporomoka:
picha haipo, picha haipo, picha haipo.
Dramadri, aliyeutunga, aliita Mbuzi kwa herufi kubwa,
na kwenye folda kamhifadhi mbuzi kwa herufi ndogo.
Katika mashine yake, kubwa na ndogo ni ndugu.
Katika hii ya shule hawajuani, hawasalimiani.

Herufi moja tu, na mbuzi wakatokea,
wenye madoa, mmoja ana pembe iliyopinda.

Nikaingia faili la mipangilio.
Dirisha nikalipunguza lienee kioo cha shule,
msaada wa kadi ya picha nikauzima, kadi yenyewe ni jina tu.
Nikasahau mkato.
Mkato mmoja, mdogo kuliko chawa,
na programu nzima ikakataa kuamka.

Katikati ya msimbo nikakuta sauti yake:
*Saa nane usiku. Mama anadhani nasoma.*
Na chini, mistari arobaini mbele:
*Hapa pasiguswe. Sijui kwa nini panafanya kazi.*
Nikacheka peke yangu.
Siku hizi yuko Juba anauza saruji.
Simu yake huita mpaka ichoke.

Alu, iri, na:
mtoto huhesabu mbuzi zizini kwa Kilugbara,
na kila siku ipitayo zizi huongezeka mbuzi mmoja.
Lakini zizi lililokuwa mbele yangu lilisema
hasi elfu kumi na tisa, mia nane na nne.

Mbuzi hasi! Nani kawala kabla hawajazaliwa?

Nikaweka vizuizi ndani ya msimbo,
nikausimamisha kila mstari kama askari wa njia ya Koboko:
umetoka wapi, umebeba nini, fungua huo mzigo.
Kila mstari ulikuwa na kitambulisho.
Kila hesabu ilikuwa halali.
Nilianza kupatazama pale pasipoguswa.
Kidole kilikwisha kufika.

Adhana ya alfajiri ndiyo iliyonitazamisha saa,
kule pembeni, chini ya kioo, nisikokuangalia kamwe.
Tarehe mosi Januari, mwaka elfu moja mia tisa sabini.

Kumbe ni betri, ile duara kama sarafu.
Imekufa kimya tumboni mwa mashine,
na kila umeme unapokatika mashine husahau yote,
huamka mwaka ambao Candiru hajazaliwa,
na mchezo, kwa utiifu wake,
huwadai watoto mbuzi wa siku zisizokuja bado.

Shilingi elfu tatu, dukani kwa Onzima.
Bisibisi, pumzi moja ya kupuliza vumbi.

"Ulitengeneza nini?" kaniuliza Mwalimu,
akilitazama zizi: mbuzi kumi na mmoja, wazima.
"Nimeiambia tu kwamba leo ni leo."

Akaondoka kutafuta boda. Nami, kabla ya kuifunga,
nikaandika chini ya maneno ya Dramadri:
*Sikugusa. Ilikuwa saa.*

Umeme ukakatika kabla sijahifadhi.
Nikangoja. Nikauandika tena.